Mmea Nilioupenda Nusura Niuue

Wahenga walinena kwamba mwenye pupa hadiriki kula tamu. Methali hii nimeifundisha na kuitahini kwa miaka mingi, lakini sikuionja maana yake hadi nilipofunzwa na mmea mdogo ulio dirishani mwangu.

Mmea wenyewe ni okidi ya sapatu, niliyoinunua miaka minne iliyopita katika maonyesho ya maua jijini Nairobi. Ua lake lina mdomo uliofumba mithili ya ncha ya kiatu. Mtaalamu wa Kijerumani, Ernst Pfitzer, alipotunga jina la jenasi hii mwaka 1886, aliiita Paphiopedilum: Paphos ni mji wa kale wa Saiprasi uliosifika kwa hekalu la Afrodita, na sehemu ya pili ni neno la Kiyunani lenye maana ya ndara. Mimi, kwa kuwa kazi yangu ni lugha, nimependelea sapatu, neno tuliloachiwa na Wareno.

Spishi niliyo nayo, insigne, asili yake ni milima ya Khasi, kaskazini mashariki mwa India. Huko mvua ni nyingi, lakini maji hayatuami miambani. Hilo la pili sikulizingatia. Niliunywesha mmea wangu asubuhi na jioni. Baada ya miezi miwili majani yakanywea. Nikadhani ni kiu, nikazidisha maji.

Jirani yangu, mzee aliyestaafu kazi ya bustani, alipita siku moja, akaomba ruhusa, akautoa mmea chunguni. Mizizi ilikuwa myeusi na laini kama uji.

"Mwalimu," akaniambia kwa upole, "hukuunyima maji. Umeunyima pumzi."

Okidi hii haina kiazi cha kuhifadhia maji kama walivyo nacho jamaa zake wengi, kwa hivyo haipaswi kukauka kabisa. Hata hivyo, mizizi yake yahitaji hewa sawa na inavyohitaji maji, na udongo wa shambani huikaba. Tuliikata iliyooza, tukaupanda mmea upya katika vipande vya magome ya msonobari vilivyochanganywa na makaa, ndani ya chungu chenye matundu. Nikausogeza kwenye dirisha la mashariki, penye jua jepesi la asubuhi. Tangu hapo nautilia maji ya mvua asubuhi tu, baada ya kutia kidole na kukuta unyevu umepungua, wala siyaachi yatuame katikati ya majani. Mbolea naitia robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti.

Kisha nikangoja. Mwaka wa kwanza nilipata jani moja; wa pili, chipukizi. Kila chipukizi huchanua mara moja tu maishani mwake, kisha hulilisha jipya linaloota ubavuni. Ukilikata kwa kuwa halichanui tena, umemwachisha mtoto ziwa kabla ya wakati. Julai mwaka jana, katika baridi yetu ya usiku, tumba likachomoza. Ua lilidumu zaidi ya mwezi mmoja.

Pupa yangu ina wenzake. Paphiopedilum vietnamense ilitangazwa kitaalamu mwaka 1999, na muda si muda wachimbaji wakaikaribia kuimaliza porini. Mkataba wa CITES hukataza biashara ya kimataifa ya okidi hizi zilizochimbwa msituni. Anayezitamani na anunue zilizokuzwa kitaluni.

Hata hivyo, kilichoniuma zaidi si mmea. Siku ile mzee alipoinua mizizi, nilimkumbuka mwanafunzi wangu wa uzamili. Kila sura aliyoniletea niliirejesha imejaa wino mwekundu. Alipopunguza kuandika, nilidhani ni uvivu, nikamwongezea vitabu vya kusoma na tarehe za mwisho. Hatimaye akaacha kuja ofisini, nami nikamlaumu. Ilinichukua miezi kumeza kiburi na kumwandikia barua ya kumwomba radhi. Alirudi. Nilijifunza kusoma sura yake, kumwuliza swali moja, na kunyamaza. Tasnifu aliimaliza, ingawa si kwa kasi niliyoitaka mimi.

Walimu wenzangu, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ilikataza masomo ya ziada wakati wa likizo. Ni wangapi kati yetu waliokubali moyoni sababu yake? Sisemi mwanafunzi aachwe bila maji. Okidi iliyosahauliwa nayo hufa. Nasema mwalimu atie kidole kwanza ajue hali ya chungu. Nanyi wanafunzi, mkimwona mwenzenu amenywea, msikimbilie kumwita mvivu. Huenda mizizi yake imekosa pumzi, na aliyeshika kopo la maji ni mtu anayempenda.