Chuma cha Damuni na Wezi Wake

Ndugu wanafunzi, na nyinyi wazazi mtakaosomewa makala hii nyumbani, huenda mmewahi kujiuliza kwa nini daktari humpima mtoto damu kabla ya kumpa vidonge vya kuongeza damu. Si angempa tu, maana chuma ni kizuri?

Ni kizuri, lakini si kwetu peke yetu. Mwili wa mtu mzima una gramu 3 hadi 4 za chuma, uzito wa msumari mdogo. Kingi kimo ndani ya chembe nyekundu, katikati ya kitu kiitwacho hemu, ndicho kinachoipa damu wekundu wake. Bakteria karibu wote wanaotuletea maradhi nao hawazaliani bila chuma. Basi mwili unakificha. Kinachosafiri damuni hushikwa na protini iitwayo transferini, na maradhi yakiingia ini hutoa homoni ya hepsidini, inayozuia chuma kutoka utumboni na ghalani.

Wezi nao wana mbinu. Stafilokokasi, wale wa majipu, hupasua chembe nyekundu wakachukua hemu yenyewe. Wengine hutoa siderofori, vitu vidogo mfano wa ndoana, vinavyomnyang'anya transferini chuma chake na kurudi nacho.

Bakteria wa tauni ni hodari wa ndoana hizo. Hapa Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, wataalamu wa panya wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo wamechunguza kwa miaka mingi tauni iliyozuka Lushoto mwaka 1980. Huko Chicago, mtafiti Malcolm Casadaban alikuwa akifanya kazi na bakteria wa tauni waliodhoofishwa, wasioweza kujitafutia chuma vizuri. Mwaka 2009 walimuua. Uchunguzi ulionyesha alikuwa na ugonjwa wa kurithi unaojaza chuma mwilini, naye hakujua. Wachunguzi waliona kwamba huenda wezi wale dhaifu walikuta mlango wazi.

Mfano mzito zaidi ni wa kwetu, Pemba. Vimelea vya malaria si bakteria, lakini navyo vyataka chuma. Tena vinapopasua chembe nyekundu, hemu humwagika, na bakteria kama salmonela hupata nafasi. Watoto 24,076 wa chini ya miaka mitatu waliingizwa katika utafiti, wengine wakipewa chuma na asidi ya foliki kila siku, wengine vidonge visivyo na dawa. Agosti 2003 chuma kilisimamishwa: waliokipata walilazwa au kufariki kwa asilimia 12 zaidi.

Msiogope mchicha wala maini. Waliopata madhara walipewa vidonge bila kupimwa, mahali penye malaria nyingi. Katika utafiti huohuo, kundi dogo lilipimwa damu na kutibiwa malaria mapema. Humo, watoto waliokuwa na upungufu wa chuma na wa damu walinufaika na vidonge vilevile.