Fahamu: Je, saa ya Kariakoo inaweza kupima sukari?

Ukipita Mtaa wa Aggrey, Kariakoo jijini Dar es Salaam, penye maduka ya simu, utakutana na saa janja zinazonadiwa kuwa zinapima presha na hata sukari bila kujitoboa kidole. Kwa mgonjwa wa kisukari, hiyo ya sukari usiiamini.

Taa ya kijani iliyo mgongoni mwa saa humulika ngozi na kufuatilia damu inavyopita. Mapigo ya moyo yanahesabika hivyo; sukari haijathibitika. Februari 2024, mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayopima sukari yenyewe bila kutoboa ngozi. Hatari iko kwa anayejichoma insulini: namba ya uongo ikimfanya azidishe dozi, sukari hushuka, anatetemeka, anatoka jasho, anaweza kuzimia hata kufa.

Vipo vihisi halali vinavyobandikwa mkononi, lakini vina kiuzi kinachoingia chini ya ngozi ndipo vitume vipimo kwenye simu. Bei yake, kusema kweli, wengi hawaimudu.

Kwa hiyo tumia glukomita, kile kipimo cha kutoboa kidole, andika vipimo kwenye simu, tega kengele ya dawa, na umwonyeshe daktari vipimo hivyo kliniki.