Chumba Ndicho Kinachochagua Televisheni

Katika nyumba nyingi za mjini kuna chumba kimoja kidogo ambacho kazi yake imekwisha. Pengine kilikuwa cha watoto, nao wamekua na kuhama. Pengine kilikuwa stoo. Mafundi hukiita "kumi kwa kumi na mbili", yaani futi, takriban mita 3 kwa mita 3.7. Siku hizi vyumba vya namna hiyo vinageuzwa sinema za nyumbani: sofa moja, sabufa pembeni, mapazia mazito, na ukutani TV kubwa kuliko ile ya sebuleni. Makosa yake mengi hufanyika mapema, pale mnunuzi anapoingia dukani anajua bei anayoiweza lakini hajui kiti chake kitakaa umbali gani kutoka ukutani.

Inchi za TV hupimwa kwa mshazari, kona hadi kona, na hapo ndipo hesabu inapowapotea wengi. TV ya inchi 55 ina upana wa sentimita 122, ya inchi 65 ina sentimita 144, na ya 75 ina 166. Kutoka 55 kwenda 65 zinatajwa inchi kumi tu, lakini eneo la picha huongezeka kwa karibu asilimia 40. Anayetaka kuona ukubwa halisi kabla ya kununua achukue gazeti kuukuu na gundi ya karatasi, abandike ukutani umbo la vipimo hivyo, kisha akae kwenye sofa alitazame kwa jioni nzima.

Wataalamu wa sinema hawapimi kwa inchi. Wao hupima pembe, yaani sehemu gani ya upeo wa macho inajazwa na picha. SMPTE, jumuiya ya wahandisi wa filamu na televisheni ya Marekani, imependekeza nyuzi 30. THX, kampuni iliyozaliwa ndani ya Lucasfilm ya George Lucas mwaka 1983, inakwenda mbali zaidi na kutaja nyuzi 40. Kwa mtu wa kawaida hesabu hiyo inawezekana kwa futi kamba na kalamu. Pima sentimita kutoka macho ya aliyekaa hadi kwenye kioo cha TV, kisha gawa kwa 4. Jibu ni inchi za TV itakayojaza nyuzi 30 hivi. Gawa kwa 3, upate ya nyuzi 40. Saizi inayofaa iko kati ya namba hizo mbili.

Tuchukue chumba kile kile cha kumi kwa kumi na mbili. Sofa ikiegemezwa ukuta wa mwisho ili watu watazame kwa urefu wa chumba, macho yatakuwa kama sentimita 285 kutoka kwenye kioo, maana sofa yenyewe imekula nafasi na TV nayo haikugandana na ukuta. Ukigawa kwa 4 unapata inchi 71. Ikiwekwa kutazama kwa upana, umbali unabaki sentimita 225 na jibu ni inchi 56. Kwa hiyo anayesema "chumba ni kidogo, nitachukua inchi 43" amejinyima sinema aliyokuwa anaitafuta. Inchi 65 inakaa vizuri sofa ikitazama kwa upana, na 75 inastahili pale sofa inapokuwa mwisho kabisa wa chumba.

Hapo wazazi wengi watashtuka, kwa kuwa wamelelewa na onyo kwamba kukaa karibu na TV kunaharibu macho. Onyo hilo lilikuja pamoja na TV za chogo, zile zilizofika Zanzibar miaka ya 1970 na kuenea Tanzania Bara baada ya vituo vya kwanza kuanza kurusha matangazo mwaka 1994. Nalo lilikuwa na msingi. Mwaka 1967 kampuni ya General Electric ya Marekani ilitangaza kuwa TV zake nyingi za rangi zilikuwa zinatoa mionzi ya eksirei kupita kiwango, na watu wakaambiwa wakae mbali. TV bapa hazina lile bomba la kioo lililokuwa chanzo cha mionzi hiyo. Kinachochosha macho leo ni kutopepesa kope, na mwanga mkali ndani ya giza totoro. Taa ndogo nyuma ya TV, isiyoonekana moja kwa moja, hupunguza uchovu huo.

Ukubwa una gharama nyingine ambayo muuzaji haitaji. TV ya 4K ina nukta za picha milioni 8.3, lakini chaneli ya kawaida ya king'amuzi isiyo ya HD huleta nukta laki nne na ushee tu. TV inalazimika kubuni zilizobaki, na kwenye inchi 75 kwa karibu, nyasi za uwanjani hugeuka ukungu wa vijiboksi. Picha ya 4K kwa intaneti nayo ni mlaji: Netflix yenyewe inaeleza kuwa saa moja inaweza kumaliza hadi gigabaiti 7. Anayetegemea bando la simu afanye hesabu hiyo pamoja na ile ya inchi. Kuhusu 8K, kwa chumba cha ukubwa huu ni kutupa fedha. Macho ya kawaida hayawezi kuitofautisha na 4K kutoka kwenye sofa.

Baada ya ukubwa, jambo kubwa kuliko yote ni weusi. Watu huuliza TV ina mwanga kiasi gani na rangi zake zinawaka vipi, ilhali sinema nyingi huchezwa usiku, vichochoroni, misituni, ndani ya nyumba zisizo na taa. TV zinazouzwa kwa jina la LED ni za LCD zilizowekewa taa za LED kwa nyuma. Kioo cha mbele huziba mwanga huo lakini hakiuzibi wote, na penye giza hapawi peusi, panakuwa kijivu. Sebuleni mchana hakuna anayeona. Kwenye chumba chenye mapazia yaliyofungwa kila mtu anaona.

QLED nayo ni LCD, iliyoongezewa tabaka la chembe ndogo mno zinazosafisha rangi. Chembe hizo ni sayansi ya kweli. Waliozigundua na kuziendeleza, Moungi Bawendi, Louis Brus na Alexei Ekimov, walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2023. Ila zinaboresha rangi, haziongezi weusi. Kinachoongeza weusi kwenye LCD ni kugawanya taa za nyuma katika kanda nyingi zinazozimika zenyewe mahali penye giza, na TV za Mini-LED ndizo zenye kanda nyingi zaidi. OLED ni kitu kingine kabisa: kila nukta inajitolea mwanga wake, na ikizimwa imezimika.

Kwa chumba cha giza cha kutazamia filamu usiku, OLED haina mpinzani. Lakini ikiwashwa kutwa nzima kwenye chaneli moja, nembo ya kituo au ubao wa matokeo ya mpira unaweza kubaki kama kivuli kisichofutika. Nyumba ambayo chumba hicho kitakuwa pia cha taarifa ya habari na ligi za Jumamosi na Jumapili ichukue Mini-LED bila majuto. Na maandishi ya HDR kwenye boksi, yaani picha yenye tofauti kubwa zaidi kati ya mwanga na giza, yasimlevye mtu: TV ya bei ya chini isiyo na kanda za kuzimika inaweza kuipokea picha ya HDR, lakini haina uwezo wa kuionyesha kama ilivyokusudiwa.

Kuna jambo ambalo hutesa vyumba vidogo pekee. Watu wakikaa karibu, yule wa mwisho wa sofa anaitazama TV kwa mshazari mkali. Aina moja ya kioo cha LCD, iitwayo VA, ina weusi mzuri kwa aliye katikati, ila rangi zake hupauka kwa aliye pembeni. Aina ya IPS haipauki sana, lakini weusi wake ni hafifu. Dukani, kabla ya kuuliza bei, mteja asogee kando hadi pembe ya mtu wa mwisho wa sofa yake, atazame uso wa binadamu kwenye picha. Ngozi ikigeuka majivu, mtu huyo ataonewa kila usiku.

Chumba chenyewe nacho kina kazi yake. Ukuta mweupe wa rangi ya kung'aa hurudisha mwanga wa TV kwenye kioo. Rangi nzito isiyong'aa inasaidia sana na bei yake ni ya ndoo moja. Sakafu ya vigae huifanya sauti irindime, na busati lililotandikwa mbele ya sofa hutuliza. Tena TV isipachikwe karibu na dari kama kwenye mapokezi ya hoteli. Macho ya aliyekaa yako kama mita moja kutoka sakafuni, na katikati ya kioo pawe hapo au juu kidogo tu. Kwa inchi 65, ukingo wa chini utakuwa sentimita 60 hadi 70 kutoka sakafuni. Shingo itashukuru.

Kabla ya kulipa, TV iwashwe, ionyeshwe picha nyeupe tupu kisha nyeusi tupu kutoka kwenye flashi, ili nukta zilizokufa na mistari ijitokeze ikiwa bado mikononi mwa muuzaji. Kwenye kirikuu isafirishwe imesimama, kamwe isilazwe. Na nyumbani isichomekwe bila TV guard, kidude kinachokata umeme unapopanda au kushuka mno, kisha kikasubiri utulie ndipo kiurudishe.

Ikishawashwa, linabaki jambo moja. Filamu hupigwa kwa picha 24 kwa sekunde, lakini TV nyingi hubuni picha za katikati ili mwendo uwe laini, na filamu ya mamilioni ya dola inaonekana kama tamthilia ya bei rahisi. Desemba 2018 Tom Cruise na mwongozaji Christopher McQuarrie walirekodi video kuwaomba watazamaji wauzime mpango huo. LG huuita TruMotion, Sony Motionflow, Samsung Auto Motion Plus. Umo kwenye menyu ya picha, mara nyingi huja umeshawashwa kutoka kiwandani, na kuuzima ni kazi ya dakika moja ya rimoti.