Ufipa, Nchi ya Juu Kati ya Maziwa Mawili

Kwenye mabasi yatokayo Tunduma kwenda Sumbawanga, abiria wazoefu hubeba masweta. Mji huo, makao makuu ya Mkoa wa Rukwa, uko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na baridi yake ya Juni na Julai haina mzaha. Watalii wengi hulala hapo usiku mmoja tu, kisha wakakimbilia Katavi kutazama viboko. Ni hasara kubwa, maana wanaipita Ufipa, moja ya sehemu za ajabu kabisa za Bonde la Ufa.

Magharibi mwa Ufipa liko Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal. Mashariki liko Ziwa Rukwa, lenye maji ya magadi na kina cha mita chache tu. Halina mto wa kulitoa maji, hivyo hutanuka na kunywea kwa kufuata mvua. Ardhi ilipopasuka, pande zote mbili zilididimia, Ufipa ikabaki juu. Ndiyo maana uhondo wa nchi hii uko kwenye kingo zake.

Ukingo wa mashariki ni milima ya Mbizi. Katika misitu yake, ambayo moto na mashamba vimeikatakata vipande vipande, bado wanaishi mbega wekundu, jamaa wa wale wa Gombe na Mahale. Ukivuka safu hiyo, barabara ya Muze inaporomoka kwa kona hadi bondeni, na sweta lililokuwa la lazima asubuhi linavuliwa njiani.

Juu uwandani miti ni haba, lakini kilimo chenyewe kinastahili kutazamwa. Mvua zinapoelekea kuisha, mkulima wa Kifipa huparua nyasi pamoja na udongo wake, akazigeuza na kuzirundika kuwa tuta la duara, ntumba. Nyasi huozea ndani huku maharage yakistawi juu. Msimu unaofuata tuta husambazwa, shamba likapandwa ulezi au mahindi. Wafipa hao hao walikuwa mabingwa wa kuyeyusha chuma katika malungu, tanuri za udongo zilizomzidi mtu kimo, ambazo zilivuta hewa zenyewe bila mivukuto.

Ukingo wa kusini-magharibi ndio wenye Kalambo. Mto huo, ulio mpaka wa Tanzania na Zambia, hufika mwisho wa uwanda na kujitupa kwa mkupuo mmoja zaidi ya mita 200, karibu mara mbili ya kimo cha maporomoko ya Victoria. Kongoti hutaga kwenye majabali ya korongo lake. Juu kidogo ya maporomoko, upande wa Zambia, watafiti walifukua mwaka 2019 magogo mawili yaliyochongwa na kupachikwa moja juu ya jingine. Umri wake, uliotangazwa mwaka 2023, ni miaka 476,000: yalichongwa kabla binadamu wa aina yetu hawajakuwepo.

Kutoka Sumbawanga, njia ya Kalambo ni ile ya Matai iendayo bandari ya Kasanga. Mvua hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili. Mei ndio mwezi mzuri: mto bado una nguvu, na njia za vumbi zimeshaanza kukauka.