Mahali Mafuta Yanapokaa: Jeni, Umbo la Mwili na Hatari ya Maradhi

Wanawake wawili wenye umri na kimo kinacholingana wanaweza kupanda mizani ya kliniki siku moja na kukutwa na uzito uleule wa kilo 80. Mmoja amejaa mapajani na makalioni, na kiuno chake ni chembamba. Mwenzake ana miguu myembamba na tumbo lililotangulia. Kadi zao zitaandikwa BMI ileile, na pengine watapewa ushauri uleule. Hata hivyo, kwa kawaida wa pili ndiye aliye karibu zaidi na kisukari cha aina ya pili na maradhi ya mishipa ya moyo, kwa kuwa mizani hupima wingi wa mwili bila kueleza mafuta yamewekwa wapi.

Tofauti hii haikujulikana jana. Mwaka 1947 daktari Mfaransa Jean Vague, aliyefanya kazi katika mji wa Marseille, alieleza kwamba unene wa tumboni, unaoonekana zaidi kwa wanaume, huandamana na kisukari na maradhi ya mishipa kuliko unene wa nyonga na mapaja. Leo sababu zake zinaeleweka vizuri zaidi. Mafuta yaliyo chini ya ngozi, hasa ya mapajani na makalioni, ni ghala: hupokea shehena baada ya mlo na kuitoa polepole. Ghala hilo likijaa, au likiwa dogo tangu mwanzo, mafuta ya ziada hutafuta pengine pa kukaa. Huzunguka matumbo, huingia ndani ya ini, kwenye misuli, hata kwenye kongosho. Ini lililojaa mafuta humwaga sukari na trigliseridi kwa wingi katika damu, na misuli iliyojaa mafuta huacha kuitikia insulini ipasavyo.

Je, ukubwa wa ghala huamuliwa na nini? Umri, homoni, mazoezi, pombe na sigara vyote vina sehemu yao. Wanawake wengi huona kiuno kikipanuka baada ya ukomo wa hedhi, estrojeni inapopungua. Lakini urithi una sehemu kubwa. Tafiti za mapacha na za familia hukadiria kwamba baina ya asilimia 30 na 60 ya tofauti za watu katika uwiano wa kiuno na nyonga hutokana na jeni. Takwimu hii hueleweka vibaya mara nyingi. Haisemi kwamba nusu ya kitambi cha mtu fulani kimetoka kwa babu yake. Huzungumzia tofauti zilizopo baina ya watu wa jamii iliyochunguzwa.

Inafaa pia kutenganisha mambo mawili. Jeni zinazohusika na wingi wa mafuta, kama ile ya FTO iliyotambuliwa mwaka 2007, kwa sehemu kubwa huathiri hamu ya kula. Zile zinazohusika na mgawanyo wa mafuta hufanya kazi hasa ndani ya tishu ya mafuta yenyewe: namna seli zake zinavyozaliwa, zinavyokua na zinavyoitikia insulini. Uchunguzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2015, uliohusisha watu zaidi ya 224,000, ulibainisha sehemu 49 za vinasaba zinazohusiana na uwiano wa kiuno na nyonga baada ya kuzingatia BMI. Sehemu 20 kati ya hizo zilitofautiana kwa jinsia, na 19 zilikuwa na athari kubwa zaidi kwa wanawake. Kufikia mwaka 2019 idadi ya sehemu hizo ilikuwa imepita 300.

Mfano mmoja wastahili kuelezwa kwa kirefu kidogo, nao ni jeni ya KLF14 iliyo katika kromosomu ya 7. Jeni nyingi husomwa katika nakala zote mbili, ya mama na ya baba. Hii husomwa nakala ya mama tu. Ya baba imenyamazishwa. Mwanamke aliyerithi aina yenye hatari kutoka kwa mama yake huwa na seli za mafuta chache na kubwa, mafuta yake huhama kutoka nyonga kwenda tumboni, na uwezekano wake wa kupata kisukari huongezeka, ingawa uzito wake haubadiliki. Aina hiyohiyo ikitoka kwa baba, athari hiyo haionekani.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote, hata hivyo, hutoka kwa watu wachache wenye maradhi adimu ya kurithi yaitwayo lipodistrofia ya sehemu. Aina inayofahamika zaidi husababishwa na kasoro katika jeni ya LMNA. Msichana huzaliwa na kukua na umbo la kawaida. Anapobalehe, mafuta ya mikono, miguu na makalio hutoweka, misuli na mishipa hujitokeza, huku uso na shingo vikijaa. Kwa macho ya jirani ni mwanariadha. Katika maabara ana trigliseridi nyingi mno, ini lenye mafuta, na hatimaye kisukari kinachodai vipimo vikubwa vya insulini. Hana unene, anakosa ghala. Mhudumu akimwona mgonjwa wa namna hii, hasa ikiwa mama au dada zake wana umbo hilohilo, ampe rufaa kwa daktari bingwa. Aulize pia historia ya dawa, kwani kupungua kwa mafuta ya miguu na mashavu kulionekana sana kwa waliotumia stavudini kutibu VVU, kabla ya Shirika la Afya Duniani kushauri mwaka 2009 dawa hiyo iondolewe hatua kwa hatua.

Kwa watu walio wengi hakuna jeni moja yenye nguvu kama hiyo. Ziko mamia, kila moja ikisukuma kidogo tu, na hakuna kipimo cha jeni cha kumfaa mgonjwa wa kawaida kwa jambo hili. Wala urithi haufungi mlango: kutembea kwa kasi mara kwa mara hupunguza mafuta ya ndani ya tumbo hata pale mizani isipoonyesha badiliko kubwa. Mikanda ya kubana tumbo inayouzwa mitaani hubana tumbo, basi. Haiyeyushi kitu.

Kinachopatikana kila kituo ni utepe wa kupimia. Mgonjwa asimame wima, apumue nje kwa kawaida, na utepe upite katikati ya ubavu wa mwisho na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, juu ya ngozi au nguo nyepesi. Haupimwi mahali mkanda wa suruali unapokaa, kwa maana wanaume wengi wenye kitambi huvaa suruali chini yake. Kiuno kikizidi nusu ya kimo, hatari imeanza kupanda.

Mipaka mingine inayotumika ni sentimita 94 kwa wanaume na 80 kwa wanawake. Hiyo ni mipaka ya Wazungu; Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilipendekeza itumike pia kusini mwa Sahara hadi takwimu za huku zitakapotosha. Wanawake wenye asili ya Afrika, kwa wastani, wana mafuta machache ndani ya tumbo kuliko wa Ulaya wenye kiuno sawa, na bado kisukari hakiwapiti kando. Tafiti kubwa za jeni zilizotajwa hapa nazo zilifanywa hasa kwa watu wenye asili ya Ulaya.