Sindano Mbili za Kuzuia Ndigana Kali

Bila shaka umewahi kumwona ndama aliyevimba tezi chini ya sikio, ana homa, anahema kwa shida, na baada ya siku chache kafa. Hiyo ndiyo ndigana kali. Huenezwa na kupe wa kahawia apendaye kukaa sikioni.

Kinga ipo. Ilitengenezwa Muguga, Kenya, katika miaka ya 1970, na Tanzania pia inatumika. Ng'ombe huchomwa sindano mbili kwa wakati mmoja. Moja ni chanjo yenye vijidudu hai vya ndigana, huchomwa chini ya ngozi karibu na sikio. Nyingine ni oksitetrasaiklini ya asilimia 30, ile ikaayo mwilini siku kadhaa. Hiyo huchomwa ndani ya nyama.

Utauliza, "Mbona tunamtia mnyama ugonjwa kwa mkono wetu?" Swali zuri. Dawa huwazuia vijidudu wasizaane kwa nguvu. Mnyama huugua kidogo tu, pengine hata usitambue, na mwili wake hujifunza kupigana nao.

Sasa angalia hatari ilipo. Kila kilo 10 za uzito zinahitaji mililita 1 ya dawa hiyo. Ndama wa kilo 60 apate mililita 6. Ukimpa 3 ili kubana matumizi, vijidudu vitashinda dawa, na wewe mwenyewe utakuwa umemwambukiza ndama wako. Basi usikisie uzito; upimwe kwa utepe. Mnyama mgonjwa au aliyedhoofu asichanjwe.

Wengine hununua oksitetrasaiklini peke yake wakidhani ni kinga. Hapana, bwana! Bila chanjo mwili haujifunzi kitu. Na ndigana ikishapamba moto, dawa hiyo haiiponyi.

Chanjo huhifadhiwa katika baridi kali mno, ndani ya mtungi wa naitrojeni, na ikishayeyushwa itumike saa chache tu. Kwa hiyo kusanyikeni majirani, mumwite mtaalamu wa mifugo siku moja. Baada ya chanjo, chunguza mifugo yako kwa wiki tatu hadi nne; ukiona homa au tezi kubwa, mwite upesi.

Mwisho, usiache josho. Kinga hii haizuii ndigana baridi, mkojo mwekundu wala maji moyo, na hayo yote huletwa na kupe.