Mtunzi, Mwandishi au Muumba? Utata wa Istilahi Moja ya Metadata

Metadata ni maelezo yanayoitambulisha matini katika maktaba ya kidijitali: anwani, tarehe, lugha na kadhalika. Kiwango cha Dublin Core, kilichoasisiwa mwaka 1995 mjini Dublin, Ohio (wala si Ayalandi), kina vipengele 15 vya msingi. Kimojawapo humtaja mhusika mkuu katika kuiunda kazi. Kumwita ‘muumba’ hakufai. Hilo ni jina la Mwenyezi Mungu. ‘Mwandishi’ nalo lina utata. Muhamadi Kijuma wa Lamu, mathalani, alikuwa mshairi, lakini pia alinakili tenzi za wengine kwa hati za Kiarabu. Akiorodheshwa humo kuwa mwandishi, atadhaniwa kuzitunga, na mtafutaji hatampata mtunzi halisi. Kwa tenzi, basi, ‘mtunzi’ ndiyo istilahi mwafaka. Mnakili aingizwe katika kipengele cha wachangiaji.